Maua ya kengele ya kuliwa na majirani zake bustanini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakulima wa uani Dar es Salaam

Ninalima maua ya kuliwa uani kwangu Kigamboni, kwenye mchanga wa pwani, na huu ni mwaka wa saba. Watu hunijia kuomba miche, na karibu kila anayekuja huanza na maua ya kengele, kwa sababu ameyaona kwenye picha yakipambia sahani za Wazungu. Maswali yao ni mazuri na yanastahili majibu kamili. Nimeyapanga kwa namna yanavyokuja, moja likizaa jingine.

Maua ya kengele hasa ni yapi?

Mtaalamu wa mimea akisema ua la kengele anamaanisha kampanula, jenasi yenye spishi zaidi ya 400, ambazo kwa sehemu kubwa asili yake ni nchi za kaskazini zenye majira ya baridi, Ulaya na Asia ya Magharibi zikiwa ndiyo nyumbani kwake hasa. Hata jina limetokana na neno la Kilatini campana, yaani kengele. Maua yake mengi ni ya buluu, zambarau au meupe.

Mtu wa Dar akisema ua la kengele, anamaanisha ua lolote lililokaa kama kengele: la kwenye uzio wa jirani, la kwenye kitalu cha barabarani, la shambani kwa bibi. Tofauti hiyo ya maana si jambo dogo. Ndani yake mna mboga na mna sumu, na nitarudi huko chini.

Kampanula zinaliwa kweli, au ni mapambo tu?

Zinaliwa. Petali zake hutupiwa kwenye kachumbari na majani machanga ya spishi kadhaa hutafunwa mabichi. Ladha yake ni ya upole yenye utamu kidogo. Ile inayoitwa Campanula rapunculus ilipandwa Ulaya kwa karne nyingi kama mboga hasa: mizizi yake minene na majani yake vyote vilikwenda mezani. Huko Korea, ndugu yake aitwaye Platycodon, ambaye chipukizi la ua lake huvimba kama puto kabla ya kufunguka, hulimwa kwa ajili ya mizizi. Wakorea huuita mzizi huo doraji, na huusugua kwa chumvi na kuuloweka ili uchungu utoke kabla ya kupikwa.

Lakini naomba uangalie jambo hili. Zile lobelia kubwa wanazopigia picha wapanda mlima Kilimanjaro nazo ni za familia hiyo hiyo ya kampanula, na lobelia zina alkaloidi zenye sumu. Kwa hiyo undugu wa mimea hautoshi kukupa ruhusa ya kula. Unakula ulichokijua kwa jina lake kamili.

Je, kampanula zitamea Dar?

Kumea zitamea. Kuchanua ndiko kwenye shida.

Nilijaribu mara tatu. Mara ya kwanza nilisia mbegu mwezi Januari. Miche ilitoka kama vumbi la kijani na ndani ya wiki mbili yote ilikuwa imelala, imeoza shingoni. Mara ya pili nilisia Juni, kipupwe kilipoingia, kwenye ndoo chini ya mpapai. Ile ilipendeza: mashada ya majani ya duara, laini, yenye ukingo wa meno madogo, na tuliyala. Nilisubiri ua Agosti, nikasubiri Septemba. Mwezi wa kumi joto likarudi na mashada yakaanza kuwa ya njano kutoka katikati. Mara ya tatu ilikwenda vivyo hivyo.

Baadaye nilielewa kwamba kosa halikuwa la mkono wangu. Aina kadhaa za kampanula zinazouzwa kwa ajili ya vyungu husubiri siku ndefu ndipo zichanue, mwanga wa saa 14 au zaidi kwa siku, kama kiangazi cha Ulaya. Nyingine hudai kwanza zipitie wiki nyingi za baridi kali. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Siku yetu ndefu kabisa, mwezi Desemba, ina mwanga wa takriban saa 12 na nusu, na usiku wa kawaida wa Julai, kwenye baridi yetu, unakaa karibu nyuzijoto 18 au 19. Mmea unasubiri ishara isiyokuja.

Ukitaka majani tu, sia Juni na uvune hadi Septemba. Ukitaka maua, pesa yako iweke kwingine.

Nikipeleka mbegu kwa ndugu yangu Lushoto au Iringa?

Ubaridi wa huko milimani utazipendeza zaidi, na majani yatakuwa mazuri kuliko yetu. Ila urefu wa siku ni karibu ule ule wa Dar, hivyo kwa aina zinazosubiri siku ndefu, mlima hausaidii.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba milima ya Afrika Mashariki ina kengele yake yenyewe: Canarina eminii, mmea wa familia ya kampanula unaoota juu ya magogo ya miti kwenye misitu ya ukungu na kuning'iniza maua makubwa ya rangi ya chungwa. Sikushauri kuung'oa msituni wala kuula. Nakutajia ili ujue kwamba familia hii si ngeni kabisa kwetu. Ila makao yake ni huko juu kwenye ukungu, mbali na mchanga wetu.

Basi mtu wa Dar anayetaka kengele ya kula apande nini?

Maboga. Ninasema bila kusita. Ua la boga ni kengele kubwa kuliko kampanula yoyote, rangi yake ni ya njano iliyoiva, linaliwa lote isipokuwa kikonyo kigumu, na linaota kwenye mchanga wetu ukiupa samadi. Tumezoea kuchuma msusa na kuliacha ua linyauke shambani. Ni hasara ya kila asubuhi.

Baada ya maboga, choya. Ua lake ni la njano iliyopauka lenye kitovu chekundu kilichokoza, lina umbo la kengele iliyofunguka, na hudumu siku moja. Tunachokula zaidi ni kile kikombe chekundu kinachobaki likishaanguka, ingawa petali nazo huliwa na majani yake machachu ni mboga.

Ua la mlonge na ua la mrehani ni madogo na hayana ukengele wowote, lakini huwa nayapanda pamoja na hayo mawili; sababu ya mrehani utaiona hapa chini. Ua la mlonge huliwa likiwa limepikwa.

Mimea ya kupandwa pamoja inasaidiana kweli, au ni imani tu?

Kuna yenye sababu inayoonekana na kuna ya kusimuliana. Mimi hujiuliza jirani huyu analeta nini: kivuli, nyuki, rutuba, au ulinzi? Nikikosa jibu, simpi nafasi.

Mchanga wa Kigamboni saa 8 mchana mwezi Februari huwezi kuukanyaga bila ndala. Mizizi nayo iko humo humo. Kwa hiyo jirani wa kwanza kabisa ninayemtafuta Dar ni wa kivuli na wa kufunika ardhi. Harufu na rangi baadaye. Ua la maboga linajitosheleza kwa hilo, maana majani yake yenyewe ni mwavuli wa mchanga. Choya ndiyo inayohitaji kusaidiwa ikiwa changa.

Maboga yapandwe na nini?

Na mahindi na kunde, kama walivyofanya wazee wetu na kama wafanyavyo wakulima wa nchi nyingi za joto. Mahindi yanasimama na kupunguza ukali wa jua la mchana, maboga yanafunika ardhi, kunde zinashughulika na nitrojeni.

Hapo kwenye kunde watu wengi wanadanganyika, naomba niseme kwa uwazi. Kunde ina vifundo mizizini vyenye bakteria wanaoichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula. Lakini ingali hai, sehemu kubwa ya chakula hicho inakula yenyewe. Jirani yake hunufaika zaidi mizizi na majani yakioza ardhini. Kwa hiyo ukimaliza kuchuma kunde usiing'oe na kuitupa jalalani. Ikate usawa wa ardhi, mizizi iache ndani, majani yalaze kuzunguka shina la maboga. Hapo ndipo umepata mbolea.

Shimo la maboga nalichimba upana na kina cha mkono hadi kiwiko, natia ndoo nzima ya samadi ya mbuzi iliyooza, nachanganya na mchanga, naotesha mbegu tatu na kubakiza mche mmoja wenye nguvu. Maua huanza wiki ya sita hadi ya nane. Kunde naziweka hatua moja kutoka shimoni. Karibu zaidi ya hapo zitazibwa na majani.

Na mrehani au kivumbasi ukingoni. Huyu kazi yake ni kuita nyuki, na maboga bila nyuki hayashiki tunda.

Na choya?

Choya hukua kama kichaka kikubwa, hufika mita 2, hivyo ipe mita 1 kila upande. Nafasi hiyo usiiache wazi miezi ya mwanzo. Mimi huimwagia mchicha. Mchicha unakuwa tayari kwa kung'olewa ndani ya wiki tatu hadi nne, yaani unaondoka kabla choya haijahitaji nafasi yake, na wakati huo wote umezuia jua kupiga mchanga. Mchicha ukiisha narudishia kunde fupi au natandaza nyasi kavu.

Upande wa magharibi naweka mstari wa mbaazi. Mbaazi hukua juu haraka, mizizi yake inakwenda chini sana, na kivuli chake ni chepesi, cha kuchuja jua la alasiri bila kuliziba.

Wakati nao una maana. Choya ni kinyume cha kampanula: yenyewe huchanua siku zinapokuwa fupi. Ukipanda masika yanapoanza mwezi Machi, itakua kwa mvua na kuanza maua siku zinapofupika katikati ya mwaka, na utavuna vikombe kipupwe. Kama ungeniomba ushauri mmoja tu kuhusu choya ningekuambia usiikose mvua ya Machi.

Nisipande nini karibu na choya?

Bamia. Najua bamia ni rahisi na kila uwanja wa Dar una shina mbili tatu, lakini bamia na choya ni ndugu wa familia moja na pamba. Wanaugua magonjwa ya aina moja, wanashambuliwa na minyoo fundo ile ile, yaani minyoo midogo ya ardhini inayotia mizizi nundu, na wale wadudu wekundu wenye alama nyeusi wanaokaa wawili wawili wamegeukiana migongo wanapenda mbegu za wote wawili. Ukiwaweka pamoja umeandaa karamu. Wala usipande choya mahali palipotoka bamia msimu uliopita. Peleka mchicha au mahindi hapo kwanza.

Nimesikia maua ya merigoldi hufukuza minyoo ardhini. Ni kweli?

Ni kweli nusu. Mizizi ya merigoldi, na ya ndugu yake wa porini tunayemwita bangi mwitu, ina kemikali zinazopunguza minyoo fundo. Ila shina mbili za urembo pembeni mwa tuta hazifanyi kazi hiyo. Inatakiwa ulijaze tuta zima, liwe msitu wa merigoldi kwa miezi miwili au mitatu, kisha uyafukie humo humo ndipo upande mboga. Nimefanya hivyo kwenye tuta moja lililokuwa linanishinda, ambalo kila nikivuta bamia nakuta mizizi ina nundu kama tangawizi. Msimu uliofuata nundu zilikuwa chache sana.

Uwanja wangu wote ni zege. Naweza?

Choya moja kwenye ndoo ya lita 20, itakaa. Toboa matundu matano chini, weka makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa vizuri kutoa chumvi, kisha udongo nusu na samadi iliyooza nusu. Pembeni mwa shina panda mrehani. Maboga yanataka kiroba kikubwa, kile cha kilo 100, na sehemu ya kutambaa. Watu wa ghorofa huyapandisha kwenye nondo za veranda. Usiipake ndoo rangi nyeusi na usiiache igusane na ukuta unaopigwa na jua la jioni, mizizi itapikwa.

Maji ya kisima changu yana chumvi. Nifanye nini?

Ncha za majani ya choya zitakuambia: zinaungua na kuwa za kahawia kuanzia ukingoni. Kinga maji ya mvua ya masika na vuli kwenye tangi kadiri unavyoweza, na hayo yatumie kwa miche. Mimea mikubwa ukiimwagilia ya kisima, mwaga mengi kwa mara moja badala ya kidogo kidogo kila siku, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Na usiyanyunyize juu ya majani.

Nitajuaje kengele yenye sumu?

Swali hili ndilo lililonifanya nikae chini kuandika yote haya.

Mwaka juzi jirani yangu, mama wa watoto watatu, aliniletea bakuli la maua ya njano, amekwisha kuyaosha, anauliza ayakaange au ayatie kwenye kachumbari. Muuza miche mmoja alikuwa amemwambia hizo ni kengele za kula. Nilichukua ua moja lililokuwa bado na kikonyo nikakivunja. Utomvu mweupe ukatoka kama maziwa, tone moja zito, likanitiririka kidoleni. Nikamwambia, "Mama, haya mwaga sasa hivi, na bakuli ulisugue." Ilikuwa thevetia, ndugu wa oleanda. Sehemu zake zote zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, na mbegu ndizo mbaya zaidi. Imejaa kwenye nyua za Dar kwa sababu haijali ukame na mbuzi hawaigusi. Hata hilo la mbuzi lingetutosha kuwa onyo.

Nyingine za kuzijua kwa macho: oleanda yenyewe, ya pinki au nyeupe, yenye majani membamba marefu. Alamanda, mtambaa wenye tarumbeta kubwa za njano, ambao utomvu wake huharisha vibaya. Waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama chupa linalouzwa kwenye vyungu. Na mnanaha, unaoota wenyewe majalalani na kwenye viwanja vilivyoachwa: ua jeupe refu kama tarumbeta, tunda la miiba. Mnanaha huchanganya akili na unaweza kuua, na huo hauna utomvu mweupe. Kwa hiyo utomvu mweupe ni sababu ya kuacha, lakini kukosekana kwake si sababu ya kula.

Mtoto akila ua usilolijua, usimlazimishe kutapika. Mfute mdomo, chukua tawi la mmea wenyewe lenye jani na ua, na mkimbilie hospitali wakati huo huo. Daktari akiuona mmea anapata pa kuanzia.

Kuna kanuni ninayoifuata kwa wanangu: ua la kula ni lile tulilolipanda sisi kwa mbegu na tukaliona likikua. Ua la uzio, la barabarani, la makaburini, la kitaluni haliingii jikoni. Hata miche halali ya kitaluni mara nyingi imepuliziwa dawa za maua ya mapambo, zisizofaa kwa chakula. Ukinunua choya iliyokwisha chanua, kata maua hayo uyatupe na usubiri yatakayotoka kwako.

Wadudu je? Naweza kupulizia dawa?

Ua unaloliweka mdomoni baada ya saa moja huwezi kulipulizia sumu ya dukani. Vidukari nawaondoa kwa maji ya mwendo wa kasi asubuhi. Wale wekundu wa choya nawapukutisha kwenye kopo la maji ya sabuni. Wakizidi, natumia mwarobaini: majani mabichi yaliyotwangwa, yakalala kwenye maji usiku kucha, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo. Napulizia jioni nyuki wakiwa wamerudi, napulizia majani na shina tu, kamwe si ua lililofunguka. Kesho yake sichumi.

Baada ya masika adui mkubwa ni konokono. Wale wakubwa wanaweza kumaliza miche ya maboga usiku mmoja. Hakuna ujanja zaidi ya tochi na ndoo, saa 3 usiku, siku nne tano mfululizo. Vaa glovu au mfuko mikononi, kwa sababu konokono hubeba vimelea vya kuambukiza binadamu.

Nikichuma maua ya maboga, je, nitapata maboga?

Utapata, ukijua dume na jike. Ua dume linasimama juu ya kikonyo chembamba kirefu. Ua jike limekaa chini, na nyuma yake utaona kiboga kidogo kama gololi. Unachuma madume. Mmea huanza na madume peke yake kwa siku kadhaa, watu wanadhani ni tasa. Hapana, ni zamu yako ya kula. Majike yakianza, bakiza madume matatu au manne kila asubuhi kwa ajili ya nyuki.

Nenda saa 12 alfajiri. Huo ndio wakati ua limefunguka kabisa, petali zina umande, na likifika saa 5 limejifunga na kunywea. Mara nyingi utamkuta nyuki ndani, amejipaka chavua mwili mzima kama aliyetoka kusaga mahindi. Mwache atoke mwenyewe. Huwa nalitikisa ua taratibu mara mbili na kungoja.

Ukiona siku tatu hakuna nyuki, fanya kazi yao: chuma dume moja, vua petali zote, libaki lile jiti la chavua, na lipake katikati ya jike. Dume moja linatosha majike mawili au matatu.

Yanapikwaje?

Toa kikonyo na yale majani membamba ya nje, lipasue upande mmoja uangalie kama kuna mdudu, suuza haraka. Mimi huyapika na msusa: msusa uliomenywa nyuzi uanze na kitunguu na nyanya, ukishalainika tia tui zito la nazi, na maua yaingie mwisho kabisa, dakika tatu tu. Yakikaa zaidi yanayeyuka na rangi inapotea. Kwa ugali au wali, yote sawa. Wapo wanaotia karanga zilizotwangwa badala ya nazi, na kwa msimu wa nazi ghali sina ugomvi nao.

Ua au boga likiwa chungu kweli kweli, tema na mwaga sufuria nzima. Uchungu huo ni sumu ya asili ya jamii ya maboga, na hautoki kwa kupika.

Choya ichume wiki mbili hadi tatu baada ya ua kuanguka, kikombe kikiwa kimenona na bado kinakatika kwa ukucha. Sukuma tunda la mbegu litoke, suuza, anika kivulini kwenye chekeche lililofunikwa neti. Ichemshe kwenye sufuria la stili au la enameli. Asidi yake hula aluminiamu.

Kuna mtu asiyepaswa kula maua haya?

Anayepata mzio wa chavua aanze na petali moja na atoe sehemu ya katikati. Choya inaweza kushusha presha, hivyo anayetumia dawa za presha na mama mjamzito wazungumze na daktari kabla ya kuinywa kila siku. Watoto wadogo wape yaliyopikwa.

Kiwanja changu kilikuwa gereji. Kuna tatizo?

Lipo. Betri za zamani, rangi na oili chafu huacha risasi na metali nyingine ardhini, na hazioni haya kuingia kwenye mboga. Panda kwenye ndoo na viroba kwa udongo ulioletwa kutoka kwingine. Hali kadhalika kwa tuta lililo mita chache tu kutoka barabara kubwa: vumbi linakaa ndani ya kengele ya ua na ni vigumu kulisuuza lote.

Mbegu nizipate wapi?

Za kunde, mchicha na bamia zimejaa maduka ya pembejeo Kariakoo. Za maboga usinunue. Nenda sokoni, chagua boga la kienyeji lililokomaa hadi ukucha hauingii, nyama yake uile, mbegu zioshe na uzianike kivulini siku nne. Choya vivyo hivyo: acha matunda mawili ya mti wako ulio bora yakaukie mtini mpaka yaanze kupasuka, yafunge kwenye kitambaa, na andika juu yake mwezi uliovuna. Kila tunda lina mbegu za kutosha wewe na majirani wawili.